Kuwekewa nyaya za umeme ubongoni kwa ajili ya tiki kali: tuyapime haya kabla ya kuuza mashua

Shangazi wa Malindi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa, na wasio Waislamu pia nawasalimu kwa heshima.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kaka yangu, ambaye ni nahodha kule Lamu, anataka kuuza mashua yake. Mwezi uliopita alioneshwa kwenye simu video ya kijana wa ng'ambo ambaye shingo na mabega yalikuwa yakimruka bila kukoma, kisha daktari akawasha kifaa, na yule kijana akatulia, akalia kwa furaha. Kaka alinipigia usiku huohuo akasema, "Dada, dawa ya mwanangu imepatikana." Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Malindi mpaka nikastaafu, na mgonjwa ni mtoto ambaye nimekuwa nikikaa naye likizo baada ya likizo tangu akiwa mdogo, kwa hiyo sikuweza kumjibu baba yake ndiyo wala hapana kabla ya kusoma. Nimesoma, nimewauliza madaktari niliofanya nao kazi, na nayaandika hapa kwa kuwa najua nyumba yetu si ya pekee katika pwani hii.

Tiki ni mjongeo au sauti ya ghafla inayojirudia bila mtu kuikusudia: kupepesa macho, kurusha shingo, kukohoa pasipo kikohozi, kutoa mlio. Mwenyewe anaweza kuizuia kwa kitambo, kama mtu anavyozuia chafya, lakini ndani yake hamu inazidi kupanda mpaka imshinde. Tiki za mwili zikiwa nyingi, na walau moja ya sauti, zikaanza utotoni na kudumu zaidi ya mwaka 1, madaktari huuita ugonjwa huo kwa jina la Gilles de la Tourette, tabibu wa Ufaransa aliyeandika habari za wagonjwa 9 mwaka 1885. Wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 4 hadi 6, hali huwa mbaya zaidi kwenye miaka 10 hadi 12, kisha wengi wao hupata nafuu wanapokuwa watu wazima. Wachache hawapati nafuu hiyo, na kijana wetu ni katika hao wachache.

Alianza akiwa na miaka 6, kwa kupepesa macho, nasi tukadhani ni mchanga wa pwani. Ikaja ile ya kukohoa, na chuoni mwalimu akaona anafanyiwa dharau, akamchapa. Amenyweshwa kombe, amefukiziwa ubani, amepungwa. Simlaumu yeyote katika waliofanya hayo, kwa maana kila mmoja wao alitaka mtoto apone, lakini ilipita miaka 7 kabla ya mtu kututajia jina la maradhi, na ile miaka 7 ndiyo inayoniuma. Sasa ana miaka 20. Juzi nilikaa naye akila. Alikuwa ameegemeza kisogo ukutani, pametiwa mto mdogo, na kila alipopeleka tonge kinywani kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulikishika kidevu ili kichwa kisirushwe nyuma. Niliweka saa. Katika dakika 1 kichwa kilirushwa mara 22. Alipokwisha kunawa akaniambia kwa sauti ndogo kwamba vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeanza kumfa ganzi.

Ganzi hiyo ndiyo iliyonifanya nisiipuuze ile video. Shingo ikirushwa kwa nguvu kwa miaka mingi inaweza kuumiza pingili za shingo na uti wa neva unaopita ndani yake, na hapo tiki huwa imevuka mpaka wa aibu ikaingia kwenye hatari ya kupooza.

Sasa niieleze tiba yenyewe. Daktari wa upasuaji wa ubongo hufunga kichwa cha mgonjwa katika fremu, huoanisha picha za MRI na vipimo vya fremu ile, hutoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu, kisha hushusha waya mmoja kila upande hadi sehemu iliyokusudiwa ndani kabisa ya ubongo. Waya una unene wa milimita 1.3 hivi, na kwenye ncha yake mna vituo vidogo vya kutolea umeme, mara nyingi vinne. Kutoka hapo nyaya hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri kilichozikwa kifuani chini ya mtulinga. Kifaa hutoa mapigo mepesi ya umeme, kwa kawaida zaidi ya 100 kwa sekunde, na mapigo hayo huvuruga ule mdundo mbovu unaozunguka kati ya tabaka la juu la ubongo na viini vya ndani vinavyoratibu mijongeo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu; kinachouma ni ngozi na mfupa.

Nilipata kukiona kifaa hicho kwa macho yangu, tena hapahapa Malindi. Mzee mmoja Mwitaliano, mgonjwa wa Parkinson, yale maradhi ya ubongo yanayomtetemesha mtu na kumkakamaza, alikuja kliniki niliyokuwa nikifanya kazi akilalamika bega. Nilipomvua shati nikaona chini ya mtulinga wa kulia kitu kimeinua ngozi, ukubwa wake kama kiberiti kipana, na kutoka hapo mstari mwembamba umepanda shingoni kama mshipa uliovimba. Bega lake lilikuwa likipangiwa mashine ya kupasha joto misuli kwa mawimbi. Yeye mwenyewe akatoa kadi mfukoni, akatuonesha kwa kidole: mashine ile ilikuwa marufuku kwake, kwa sababu nishati yake inaweza kusafiri kwenye waya na kuunguza ubongo kule kwenye ncha. Hakuna hata mmoja wetu pale aliyekuwa akilijua hilo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama kadi angeiacha hotelini.

Mkaazi wa Langoni

Waalaykum salaam, shangazi. Pole sana kwa kijana wetu, Mungu amwafu. Nakuomba utueleze jambo moja: tiba hii ni jambo lililothibitika au bado wanajaribu? Kwa maana video zenyewe zinatia moyo mno, na mtu ukiwa na mtoto mgonjwa unaamini kila unachokiona.

Shangazi wa Malindi

Ahsante ndugu yangu. Jibu ni kwamba kwa maradhi mengine imethibitika, kwa tiki bado haijafikia daraja hilo. Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, waliianzisha kwa sura yake ya sasa mwaka 1987 kwa watu wanaotetemeka mikono, kisha ikaenea kwa wagonjwa wa Parkinson. Kwa tiki, mgonjwa wa kwanza aliripotiwa na madaktari wa Uholanzi mwaka 1999. Wao walikichagua kiini cha talamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, kwa kufuata kazi ya Wajerumani Hassler na Dieckmann, ambao mwaka 1970 waliandika kuhusu kuunguza sehemu hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba kilichounguzwa hakirudi, ilhali umeme unaweza kupunguzwa au kuzimwa. Mpaka leo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ambayo imekwisha kuidhinisha kifaa hiki kwa ajili ya Parkinson na mtetemeko, haijakiidhinisha kwa ajili ya tiki.

Takwimu ninazoziamini zaidi ni za daftari la kimataifa la wagonjwa wa Tourette waliowekewa kifaa hiki, lililochapishwa mwaka 2018. Lilikusanya wagonjwa 185 kutoka vituo vya tiba 31 katika nchi 10. Ukali wa tiki hupimwa kwa kipimo cha Yale chenye alama 100, ambamo 50 ni za tiki zenyewe na 50 ni za kiasi zinavyomharibia mtu maisha yake. Wagonjwa wale walianza na wastani wa alama 75, na baada ya mwaka 1 walikuwa na 41. Hiyo ni nafuu ya asilimia 45 hivi. Kaka yangu niliposoma naye tarakimu hizo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe hazikomi?" Hazikomi, kwa walio wengi. Zinapungua, na kwa mtu aliyeshindwa kula au kulala, kupungua kwa kiasi hicho kunaweza kumrudishia kazi na ndoa. Lakini aliyeuza mashua akitarajia ukimya wa ile video anaweza kuvunjika moyo hata kama matibabu yamefaulu.

Kuna jambo jingine ambalo video haziwezi kulionesha. Watafiti wa London mwaka 2015 walijaribu kuwasha na kuzima kifaa bila mgonjwa wala mpimaji kujua ni lini kimewashwa. Wagonjwa 13 walimaliza jaribio, na tofauti iliyotokana na umeme peke yake ilikuwa asilimia 15 hivi. Nafuu iliongezeka na kufikia takribani asilimia 40 baadaye, pale kila mtu alipojua kifaa kinafanya kazi na madaktari wamepata muda wa kukirekebisha. Wafaransa nao mwaka 2017 walilinganisha waliowashiwa na ambao hawakuwashiwa kwa miezi 3, na hawakupata tofauti ya kuaminika. Mimi nayasoma matokeo haya kwa namna mbili kwa pamoja. Sehemu ya nafuu huenda ni matumaini, ama ni kule kupanda na kushuka kwa tiki ambako sote tunakujua. Lakini pia miezi 3 ni michache mno kwa kifaa kinachohitaji kurekebishwa tena na tena mpaka kipatiwe kiwango chake.

Na madhara yapo. Katika daftari lile, kati ya wagonjwa 158 waliofuatiliwa kuhusu madhara, 56 walipatwa na tatizo la namna fulani. Mengi yalikuwa ya umeme wenyewe, kama ulimi kuwa mzito na mwili kuchoma-choma, na hayo hupungua kifaa kikirekebishwa. Waliovuja damu ndani ya fuvu walikuwa 2. Idadi ni ndogo, lakini kuvuja damu ubongoni si jambo la kurekebishwa kwa kitufe.

Mama wa Watatu, Mokowe

Dada, nami nina swali kwa ajili ya binti yangu wa miaka 16. Yeye alikuwa mzima kabisa, kisha katika wiki moja tu akaanza kurusha mikono, kujipiga kifua na kutoa maneno kwa sauti, baada ya mitihani iliyomtia hofu kubwa. Majirani wamekwisha kumwita mwendawazimu. Je, naye ni wa kupelekwa kwenye upasuaji huu?

Shangazi wa Malindi

Mama mwenzangu, pole, na nakuomba usiwasikilize majirani. Kwa uliyoyaeleza, binti yako anahitaji kuonwa na daktari, lakini upasuaji usiufikirie kabisa. Tiki za Tourette huanza mapema utotoni, kwa wavulana mara tatu hadi nne zaidi kuliko wasichana, huingia taratibu na mara nyingi huanzia machoni na usoni. Zile zinazomlipukia msichana wa rika la binti yako kwa siku chache, zikiwa kubwa na za mikono, mara nyingi ni za namna nyingine, ambapo ubongo ulioelemewa na dhiki hutoa mijongeo inayofanana na tiki. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, madaktari wa nchi nyingi waliwaona wasichana wengi wa namna hii. Hawajifanyi, wanaumwa kweli. Dawa yao ni mashauriano, kutibiwa hofu, na kupunguziwa macho ya watu. Hii ndiyo sababu miongozo ya Chuo cha Madaktari wa Neva cha Marekani ya mwaka 2019 inataka mtu aonwe na jopo zima, wa neva, wa akili na wa upasuaji, na ugonjwa uhakikishwe kwanza, kabla ya yeyote kutaja kutoboa fuvu.

Mkaazi wa Langoni

Na kabla ya kufika huko, shangazi, ni yapi ambayo mtu hupaswa awe ameyamaliza? Sisi huku tukipewa haloperidoli tu tunaambiwa hakuna zaidi.

Shangazi wa Malindi

Hapa ndipo roho yangu ilipo, ndugu yangu, kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Haloperidoli ni dawa ya kweli, inapunguza tiki, lakini kijana wetu ilimkausha. Alikuwa akilala mpaka adhuhuri, uso umekakamaa, na akiamka hawezi kutulia kitini. Akabadilishiwa risperidoni, akanenepa kilo nyingi ndani ya miezi. Sasa anatumia aripiprazoli na walau anaongea na watu. Kuna pia klonidini, ambayo ni laini zaidi. Mtu haambiwi dawa zimeshindwa mpaka zimejaribiwa za aina mbalimbali, kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, na wengi wetu tunaacha wiki ya pili.

Lakini kitu ambacho hakuna aliyetuambia kwa miaka yote ni mazoezi ya kugeuza mazoea. Mgonjwa hufundishwa kuitambua ile hamu inayotangulia tiki, kisha papo hapo kufanya kitendo kisichoweza kwenda pamoja nayo, na kukishikilia mpaka hamu ipungue. Mwaka 2010 Wamarekani walichapisha jaribio la watoto 126: katika wale waliofundishwa mazoezi haya kwa vipindi 8 ndani ya wiki 10, zaidi ya nusu walipata nafuu ya wazi, na katika kundi jingine, lililopewa elimu na ushauri tu, hawakufika hata mtu 1 kati ya 5. Hayahitaji mashine. Yanaweza kufundishwa kwa simu ya video, na kwa mtu wa kisiwani hilo si jambo dogo.

Tumeanza naye wiki 5 zilizopita. Kwa tiki ya shingo, kitendo chenyewe ni kushusha kidevu kidogo kuelekea kifuani na kukaza misuli ya mbele ya shingo kwa upole, macho yakitazama mbele, huku akipumua polepole. Siku ya kwanza alishindwa, akatokwa na machozi. Siku ya nne aliweza kushikilia kwa sekunde 40, na nikaona kwenye shavu lake jinsi hamu ilivyopanda na kushuka bila kichwa kurushwa. Mtu asidhani tumeshinda. Jioni akichoka bado ukuta na mto vinatumika. Hatua ya kati, ambayo tunaiulizia kwa daktari wa neva, ni sindano ya botulinumu kwenye misuli ya shingo, inayolegeza misuli kwa takribani miezi 3.

Mambo ya akili nayo yatangulie. Wengi wenye Tourette wana pia mawazo yanayowalazimisha kurudia vitendo, au kushindwa kutulia na kuzingatia, au huzuni nzito. Kijana wetu hawezi kuvuka mlango wa msikiti mpaka makubadhi yote yawe yamepangwa sawa. Mwenye fikra za kujidhuru hutibiwa hizo kwanza, wala hapelekwi kwenye upasuaji akiwa katika hali hiyo.

Ustadh wa Chuo, Shela

Assalamu alaykum Bi Shangazi. Nimesoma habari ya mwalimu aliyemchapa mtoto, na kwa hakika imenichoma, kwa kuwa nami nimefundisha miaka mingi na huenda nimewahi kukosea vivyo hivyo bila kujua. Ninaomba kujua: mtu aliyewekewa kifaa hiki anaweza kusujudu, kufunga, kwenda Hija? Na vijana wetu wanaozamia kamba?

Shangazi wa Malindi

Waalaykum salaam, ustadh. Maneno yako yamenipa faraja, na nakuomba uyafikishe kwa walimu wenzako, kwa maana mtoto mwenye tiki akikemewa tiki huzidi.

Jeraha likishapona na daktari akiruhusu, kusujudu hakuna tatizo. Kifaa hakitegemei chakula, kwa hiyo kufunga ni suala la saa za dawa, la kupangwa na daktari. Viwanja vya ndege mtu huonesha kadi yake na kuomba asisimame kwenye lango la ukaguzi. Kuzamia ndiko kwenye shida, kwa kuwa shinikizo la maji ya kina kirefu linaweza kuharibu kifaa, na mtengenezaji huweka mpaka, kwa kawaida mita 10 hivi. Mzamiaji wa kamba angelazimika kutafuta riziki nyingine.

Na swali lako limenifikisha kwenye jambo ambalo nilimwambia kaka yangu barazani, akaiweka kalamu chini. Upasuaji ni wa siku moja, ila marekebisho ni ya miaka. Baada ya jeraha kupona, daktari hukaa na mgonjwa akiwa na kifaa cha mkononi, akajaribu kituo kimoja baada ya kingine, akapandisha umeme kidogo, akasubiri, akashusha. Ahueni ya tiki haionekani papo hapo kama ya mtetemeko. Huchukua wiki au miezi, na kila rekebisho ni safari nyingine. Sisi safari maana yake ni boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha kuendelea, na mgonjwa shingo inamruka njia nzima. Betri isiyochajiwa huisha baada ya miaka michache, mara nyingi 3 hadi 5, na kuibadilisha ni kupasuliwa tena kifuani. Ile ya kuchajiwa hudumu miaka 15 au zaidi, lakini inataka umeme wa nyumbani usiokatika na mtu asiyesahau. Waya ukipata vijidudu, unahitaji daktari anayeujua, na awe karibu. Ukiuza mashua kwa ajili ya siku ya kwanza, miaka hiyo mingine utailipia na nini, na utasafiri kwa chombo gani?

Mkaazi wa Langoni

Basi kwa maoni yako, shangazi, kijana asifanyiwe?

Shangazi wa Malindi

Sikusema hivyo, ndugu yangu. Ganzi ile ikithibitika kuwa uti wa shingo unaumia, na mazoezi, dawa na sindano vikawa havikutosha, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba apelekwe mbele ya jopo, na nitauza cha kwangu kabla ya mashua ya kaka. Ninachotaka ni aende akiwa anajua anapata nini: pengine nusu ya tiki kuondoka, pamoja na kifaa cha kutunzwa maisha yote. Yeye mwenyewe ana miaka 20, amesoma kila nilichosoma, na uamuzi ni wake. Jana alinitumia ujumbe kuuliza ni kituo gani kati ya vile vinne huwashwa kwanza. Nimemwambia swali hilo aliandike, aende nalo.

Picha ya MRI ya shingo ni Jumatatu, Mombasa. Mimi nitavuka Lamu Jumamosi nikamchukue, na baba yake ametuahidi kutuvusha hadi Mokowe kwa mashua yake mwenyewe kabla ya basi la alfajiri.